Moyo wa chuma getini

Jamani, nimemaliza The Spinning Heart ya Donal Ryan na bado sijatulia. Ni riwaya yake ya kwanza, ilitoka 2012, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya gazeti la Guardian ya kitabu cha kwanza.

Tuko mji mdogo wa Ayalandi, neema ya ujenzi imeporomoka. (Nchi yenyewe mwishoni mwa 2010 ilibidi iokolewe kwa mpango wa euro bilioni 85.) Tajiri wa ujenzi, Pokey Burke, ametoroka. Mafundi wanakwenda kufuatilia mafao, kumbe hakuwahi kuwalipia michango! Hapo nilifunga kitabu kwanza. Mtu umebeba zege miaka yote, ofisini unaambiwa haumo.

Wasimulizi ni 21, kila mmoja na sura yake moja tu, kwa lafudhi ya kwao. Umbea unatembea kutoka sura hadi sura, na wewe msomaji ndiye unayejua nani kasingiziwa. Réaltín analea mtoto kwenye mtaa wa nyumba zilizoachwa nusu. Bobby Mahon, msimamizi wa mafundi, kila siku anakwenda kuangalia kama baba yake amekufa, na kila siku anamkuta hai. Getini kwa mzee kuna moyo wa chuma mwekundu, rangi inabanduka, unazunguka na upepo.

Kama una ndugu aliyewahi kudhulumiwa na mkandarasi, msomee sura ya kwanza.