Jino lililojua mlima

Nilikuwa nimeshakubali jino ling'olewe. Kila nikitoka gengeni na kikapu, nikianza kupanda ile njia ya kwetu upande wa mlima Imagi, maumivu yananianza kidarini, yanapanda shingoni, yanatua kwenye taya la kushoto. Nikisimama kidogo, kama nasalimiana na jirani, yanaondoka. Ya kidari niliyahesabia gesi. Baada ya miaka 32 ya chaki na chai ya rangi, mwalimu gani hana vidonda vya tumbo? Tena ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma mwezi huo unamshikisha kila mtu kifua.

Aliyenistua ni kijana wa meno. Aligongagonga jino, halikuuma. Akauliza, "Mama, huwa linauma wakati gani?" Nikamweleza. Akacheka kidogo. "Jino gani hili linalojua mlima?" Akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo.

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi. Niliona aibu, kama mtoto aliyesingizia homa siku ya mtihani. Daktari akasema mtu akipimwa amelala moyo haudai kitu, kwa hiyo kipimo kinaweza kisioneshe chochote. Waliponitembeza kwenye mashine ya mkanda, michoro ikabadilika. Anjaina. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe imejijenga mafuta kwa ndani, njia imekuwa nyembamba. Ukikaa, damu inatosha. Ukipanda mlima, ukishiba sana, ukikasirika au ukipigwa na baridi, moyo unataka zaidi na haupati.

Dawa za kila siku hazina hadithi: aspirini ndogo, ya kushusha mafuta, na ya kupunguza mapigo ya moyo, ambayo nilikatazwa kuiacha ghafla. Hadithi iko kwenye kidonge cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakianza. Mara ya kwanza nilikinyonya nimesimama jikoni. Presha ikashuka, nikajikuta nimeng'ang'ania meza. Tangu hapo nakaa kwanza. Kichwa kinagonga dakika chache, nimekizoea.

Halafu nikafanya ujanja wa kishamba. Vile vidonge vinakuja kwenye kichupa cha kioo, mimi nikaviona vitapotea, nikavifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya sadaka. Wiki chache baadaye nikaweka kimoja, kimya. Nikaweka cha pili, ndipo maumivu yakalegea, na sijui kama ni kidonge au ni kule kukaa. Mfamasia alinigombeza kama mwanafunzi: dawa ile hupeperuka, lazima ikae kwenye kioo chake, kifuniko kikazwe, na ukishafungua andika tarehe.

Mazoea ya kazi hayaishi, nikafungua daftari la mahudhurio ya maumivu: siku, nilikuwa nafanya nini, dakika ngapi. Daftari ndilo lililonifundisha zaidi ya yote. Niliona mlima baada ya ugali wa mchana ni kosa, mlima asubuhi nikiwa nimejifunga mtandio ni salama. Ndoo moja ya maji nikaigawa safari mbili. Siku za kupanda kanisani nilitanguliza kidonge, kama daktari alivyoniruhusu.

Februari daftari likaharibika. Maumivu matatu kwa wiki moja, na la tatu lilinikuta nimekaa, naangalia taarifa ya habari. Nikaweka kidonge, dakika 5 zikapita. Cha pili, nyingine 5. Mwanangu alitaka tusubiri kupambazuke. Nikamwambia, "Baba, leo sijapanda mlima wowote. Tafuta gari." Maumivu yanayokuja mtu amekaa si yale ya kawaida, na ya namna hiyo hayasubiriwi.

Zamani kipimo cha kupitisha mrija hadi kwenye moyo kilimpeleka mtu wa Dodoma mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mimi nilifanyiwa hapahapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mrija uliingilia kwenye kifundo cha mkono, mimi macho kodo. Mshipa mmoja ulikuwa umebana vibaya, wakaupanua na kuuwekea kispringi cha kuushikilia ubaki wazi.

Dawa naendelea nazo, na daftari pia, ingawa kurasa nyingi sasa ni tupu. Jino lile bado ninalo. Jana limetafuna karanga.