Kutoka nafasi ya 97: nilivyoisoma shule ya vichwa kwa daftari la Mama

Matokeo ya muhula wa kwanza yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya mwalimu wa taaluma. Mimi ni mfupi, kwa hiyo niliyaanzia chini. Sikupata kazi kubwa kujiona. Tulikuwa wasichana 104 wa S1, yaani kidato cha kwanza, na mimi nilikuwa wa 97.

Januari ya mwaka huohuo, 2014, nilikuwa shujaa wa kambi nzima. PLE, mtihani wetu wa darasa la saba, una masomo manne, D1 huhesabiwa 1, D2 huhesabiwa 2, na jumla, yaani agrigeti, ikiwa ndogo ndiyo bora; ya juu kabisa ni D1 nne, agrigeti 4. Mimi nilipata 5: D1 tatu, na D2 ya Kiingereza. Katika kambi yetu ya polisi huko mashariki mwa Uganda watu walikuja kunishika mkono kama bibi harusi. Baba, koplo, alitembea na karatasi ya matokeo kwenye mfuko wa shati mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Shule iliyonichukua ilikuwa ya binafsi, ya wasichana, juu ya kilima wilayani Wakiso. Ilipokea agrigeti 4 na 5 tu, kisha ikatupa mtihani wake yenyewe na kuchuja tena. Nilipata punguzo la nusu ada. Nusu iliyobaki Baba aliikopa kwenye sako, chama cha akiba na mikopo, na deni hilo lilikatwa kwenye mshahara wake mpaka nilipofika S3.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni hesabu rahisi tu. Wenzangu wengi walikuja na agrigeti 4. Yaani kabla hatujafungua daftari la kwanza, mimi nilikuwa tayari nusu ya chini ya darasa. Shule ikichukua vichwa tu, yaani wenye akili pekee, bado kuna kichwa kitakachokuwa cha 97. Kwa nini asiwe mimi? Leo naliona jambo la kawaida. Siku ile nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia mpaka kengele ya posho, yaani ugali, ikalia na kunizidi sauti.

Na halafu kulikuwa na lugha. Baba ni mtu wa Arua, Mama ni wa Tororo, na hakuna anayejua lugha ya mwenzake zaidi ya salamu na matusi mawili matatu. Kiswahili ndicho kilichowaoa. Kambini watoto wote tulikuwa hivyo: Mlugbara, Mwacholi, Mteso, Mgisu, wote tunagombania mpira mmoja kwa Kiswahili kimoja, tena cha amri amri. Kule kilimani nilikuta wasichana waliokua na Kiingereza mezani na Luganda jikoni. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya majambazi. Siku ya pili tu nilimkanyaga mtu kwenye foleni ya uji nikasema "samahani". Foleni nzima ikacheka. Kuanzia hapo jina langu likawa Afande, na nilimaliza S6 nikiitwa hivyo hivyo, ingawa mwishoni lilikuwa limegeuka jina la mapenzi.

Kiranja wa lugha aliandika "samahani" yangu kwenye orodha ya waliosema lugha za nyumbani, nikafagia bweni wiki nzima. (Tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Sikulijua hilo nikiwa na miaka 13, na hata ningelijua, ufagio ungekuwa uleule.)

Nilichofanya baada ya ile nafasi ya 97 ndicho anachofanya kila mtu: nilikariri. Kengele ya kuamka ilikuwa saa kumi na moja kasoro alfajiri, mimi nikaamka saa tisa. Nilisoma na tochi chini ya blanketi, na matroni alipoichukua nikahamia kwenye taa ya chooni. Nilikariri fasili za fizikia kama mtu anavyokariri namba ya simu. Usingizi ukanishika kwenye prepu ya jioni, usingizi ukanishika darasani, na mitihani ya katikati ya muhula wa pili ikanipandisha mpaka nafasi ya 91. Nafasi sita kwa usiku wote ule! Hata mahindi yangu ya posho yangepanda zaidi.

Kisha ikafika siku ya wazazi kututembelea.

Wanaozijua shule hizi wanaijua picha yenyewe. Uwanja wa mpira unajaa magari, buti ziko wazi, mikeka imetandikwa, pilau inapakuliwa, kuku wa kukaanga wako kwenye maboksi. Mama alikuja kwa teksi mbili na boda ya mwisho ya kupanda kilima. Alikuwa amevaa gomesi yake ya harusini, na mkononi ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani kulikuwa na chapati, maana Mama ndiyo kazi yake: ana meza na jiko la mkaa karibu na lango la kambi, anapika chapati na roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Nilimpeleka mbali kidogo na magari, chini ya mwembe. Naisema hapa kwa sababu ni kweli: niliona haya.

Alinitazama nikila, kisha akauliza, "Haya, mwanangu. Niambie jambo moja ulilofundishwa."

Nikamtolea fasili ya kutanuka kwa vitu vikipata joto. Kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuvuta pumzi.

"Hicho ni Kiingereza," akasema. "Mimi nimeuliza jambo."

Nikajaribu tena. Vitu vigumu vikipashwa joto vinatanuka, vikipoa vinasinyaa. Akatafuna kidogo. "Kwa hiyo ndiyo maana bati letu hulia jioni?"

Lazima nieleze nyumba yetu. Ni vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo askari wenyewe wamevipa jina la mama ingia pole, maana mlango ni mfupi na ndani hapana nafasi ya kugeuka kwa haraka. Mchana unaoka kama tanuri. Jua likishazama, bati linaanza: ta! kimya, ta-ta! kimya. Nimelala chini ya mlio huo miaka 13. Mdogo wangu alikuwa akidai ni paka. Na mimi, niliyekariri fasili ile kwa wiki tatu mpaka taa ya chooni, sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba habari ya kwenye daftari na bati la juu ya kichwa changu ni kitu kimoja.

Sikuweza kumjibu. Nilisema tu, "Nitauliza."

Jumatatu nilikwenda chumba cha walimu. Kwa msichana wa nafasi ya 91 hiyo ni safari ndefu. Mwalimu wa fizikia alinisikiliza, akacheka, nikadhani nimekwisha. Kumbe alikuwa amefurahi. Akasema ndiyo, bati linapoa, linasinyaa, linavuta misumari na viungo vyake, kile kinachogoma kikiachia ghafla ndiyo unasikia ta. Akaniuliza kama nimewahi kutembea kwenye reli ya Tororo. Nimewahi, kwa bibi yangu reli iko karibu. Je, niliona mianya kati ya vipande vya vyuma? Niliiona, tulikuwa tunachomeka vijiti humo. Akasema, "Sasa nenda ukafikiri kwa nini fundi aliiacha." Kipindi kilichofuata alileta mpira wa chuma na pete yake. Mpira ukiwa baridi unapita kwenye pete, ukipashwa moto unakwama. Akaniita mbele nikaueleza. Niliieleza kambi, si pete, na kwa mara ya kwanza darasa lilinisikiliza bila kunicheka.

Hapo ndipo lilipoanza daftari la Mama. Kila Jumapili baada ya chakula nilichagua jambo moja tu katika yale tuliyofundishwa wiki ile, nikamwandikia Mama barua kwa Kiswahili cha nyumbani. Sikuzituma. Barua moja, ukurasa mmoja au miwili. Sharti langu lilikuwa kwamba neno ambalo Mama hajui siruhusiwi kuliandika mpaka niseme kitu chenyewe kinafanya nini. Mara nyingi nilikwama kwenye mstari wa pili, na pale nilipokwama ndipo ilipokuwa shida yangu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba sielewi fizikia. Daftari lilinionyesha kwamba naielewa karibu yote, ila neno moja tu katikati silielewi, na nililipitia siku zote kwa kasi. Jumatatu nilikwenda kuuliza neno hilo moja. Walimu wanapenda swali dogo. Ukimwendea na "sielewi mada nzima" atakupa kitabu.

Osmosi, yaani maji yanavyovuka utando wa seli, niliiandika kwa kachumbari: ukikata kitunguu ukakitia chumvi, baada ya muda bakuli lina maji, na hakuna aliyeyamimina. Moli, ambayo katika S3 ilitutesa mpaka waliokuwa kumi bora, niliiandika kwa trei. Mama hanunui mayai moja moja wala hayahesabu, hununua trei, na trei ni 30, basi. Mkemia naye ana trei yake, ila chembe ni ndogo mno hivyo trei yake ni kubwa ajabu, 6.02 × 10²³, na ukipima gramu 12 za kaboni una trei moja kamili. Trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kwale zina idadi moja, uzito tofauti. Niliposhaandika hilo, hesabu za moli zikawa za sokoni tu. Mwenzangu wa kitanda cha juu, binti wa daktari, mmoja wa wale wa agrigeti 4, aliniomba barua hiyo. Nikamsomea kwa kunong'ona, nikimtafsiria. Yeye akanilipa kwa hesabu za kwadratiki, ambazo hazikukubali kabisa kuingia kwenye barua. Si kila kitu kinakubali. Historia ya Afrika Mashariki ilikubali sana, jiometria ilikataa.

Nisiwadanganye lakini. Mwisho wa S2 nilianguka vibaya kwenye biolojia, na kosa lilikuwa la daftari lenyewe. Nilijibu kwa maneno yangu, maelezo marefu mazuri ya vitunguu na maji, na mwalimu akaweka mstari mwekundu: utando unaochuja uko wapi? tofauti ya ukolezi iko wapi? Msahihishaji ana orodha ya maneno, na usipoyataja hakupi alama kwa sababu umefahamu moyoni. Kwa hiyo nikaongeza kazi: nyuma ya kila barua niliandika tena jambo lilelile kwa Kiingereza cha mtihani, kwa mistari mitano tu, na karatasi za UNEB, baraza letu la mitihani, za miaka iliyopita zikiwa wazi pembeni. Kwanza Mama, halafu msahihishaji. Nilipojaribu kugeuza mpangilio ili kuokoa muda, nilijikuta nakariri tena.

Nikaacha pia kuamka saa tisa. Ningependa kusema niliacha kwa busara, ila niliugua malaria S2 muhula wa tatu, muuguzi wa shule akanikataza, na muhula ule, hata na ile biolojia, nikapanda nafasi 20.

Sikuwahi kuwa wa kwanza. Bora yangu ilikuwa nafasi ya 11, mara moja, S4, na wengine kumi walikuwa mbali sana mbele. UCE, mtihani wa S4, ya 2017 nilipata agrigeti 14 katika masomo manane bora, ambapo bora kabisa ni 8, nikabaki palepale kusoma fizikia, kemia na biolojia. UACE, mtihani wa S6, ya 2019 nilipata pointi 18 kati ya 20. Kwenye semina za S6, shule nyingine zinapokuja na kila mmoja anapanda jukwaani kujibu swali, walikuwa wakipiga kelele, "Afande! Afande!" nami napanda na trei yangu ya mayai.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni, yule binti wa daktari alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema tu, "Samahani, Afande," tukacheka mpaka salio lake likaisha.

Madaftari yalifika saba. Niliyaacha nyumbani, kwenye sanduku la bati nililokwenda nalo shule. Likizo moja nilipita mezani kwa Mama nikanunua roleksi kama mteja, akanifungia kwenye karatasi yenye mwandiko ninaoujua. Ilikuwa barua ya kutanuka kwa vyuma, mafuta yakiwa yamepita kwenye reli ya Tororo. Nikamtazama.

"Nimezisoma zote kwanza," akasema, akageuza chapati. "Ile ya trei nimebaki nayo."