Madaftari ya Ami

Wiki iliyofuata uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, ami yangu alinituma nimtafutie punda wa kubebea karatasi zake kutoka jengo la baraza hadi nyumbani kwake Mkomani. Alikuwa diwani wa Lamu tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, akarudishwa 1997, 2002 na 2007, na sasa mabaraza yote 175 ya Kenya, letu likiwamo, yalikuwa yamefutwa ili kupisha kaunti 47 za Katiba ya 2010. Hakugombea tena. Pensheni hakuwa nayo, kama wasivyokuwa nayo madiwani wenzake, na jambo hilo hadi leo linaniuma kuliko lilivyowahi kumuuma yeye.

Nilidhani nitakuta majalada. Nilikuta madaftari ya shule, yale ya mirabaraba, yamefungwa kwa kamba ya makumbi. Kumbukumbu za vikao zilikuwa za karani na ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini haya yalikuwa yake mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, yaani madrasa: upande wa kulia malalamiko ya mtu, upande wa kushoto tarehe lilipomalizika. Lililokuwa halijamalizika liliachiwa nafasi tupu. Nilifungua moja nikiwa nimesimama, na karibu kurasa zote zilihusu maji, ama yale yanayoingia majumbani ama yale yanayotoka.

Asiyeishi Lamu huenda asielewe uzito wake. Maji ya kunywa ya mji hutoka kwenye visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo kila mchanga unaochotwa kwenda kujengea ni kinga inayoondolewa kisimani. Kurasa nyingi za ami zilikuwa za mchanga huo, na katika kurasa hizo upande wa kushoto ulikuwa mtupu mara nyingi mno. Ya kutoka ni yale ya vyooni na jikoni, yanayopita katika mitaro ya vichochoro kuelekea baharini. Mji ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wageni walikuja kutazama milango ya nakshi. Yeye aliendelea kuandika mtaro upi umeziba na nyumba ya nani imeingiliwa.

Tulipakia madaftari kwenye shogi, mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda, tukashika njia. Tulipofika uwanjani Mkunguni, mbele ya ngome, mama mmoja alitukimbilia.

“Diwani, mtaro umeziba tena. Maji yamenifika dakani, hapo mlangoni.”

Nilitaka kumwambia kwamba huyu si diwani tena. Lakini angekwenda kwa nani? Baraza halikuwapo, na wawakilishi wapya wa wadi walikuwa hawajaapishwa. Ami alimsimamisha punda, akatia mkono katika shogi akatoa daftari la juu kabisa, akaketi kwenye kibaraza cha duka na kumuuliza yule mama maji yalianza lini, yanatoka upande gani, na jirani wa juu yake ni nani. Aliandika polepole, huku mama akingoja bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekwisha kuyaona hayo mara nyingi.

“Mpeleke punda nyumbani, mwanangu,” aliniambia. “Mimi nakuja.”

Alirudi baada ya Magharibi, kikoi amekikunja hadi magotini, miguu imejaa tope jeusi la mtaroni, na koleo la kuazima begani. Shangazi alimletea ndoo ya maji. Kabla ya kuigusa aliomba daftari na kalamu, akajifuta kidole gumba kwenye fulana, akaandika tarehe upande wa kushoto.