Bibi na Ratiba Yangu ya Misosi

Julai 2018 bibi yangu mzaa mama alishuka Ubungo, Dar es Salaam, na basi la Dodoma, kuku mmoja kwapani, mfuko wa karanga mkononi. Alikuja kupimwa macho. Miwani tukaambiwa tuifuate Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi nzima ikawa yetu.

Wakati ule, nisifiche, nilikuwa najiona bingwa. Kazini walikuwa wananiita Waziri wa Misosi. Mtu akitaka kujua supu ya pweza ya kweli inapatikana wapi, au mihogo ya ufukwe wa Coco ipi ina pilipili yenye adabu, anaulizwa mimi. Basi nikampangia Bibi ratiba kama ya rais: soko la samaki la Feri asubuhi, Kisutu saa nne, Kariakoo kutembea, pilau mchana, miwa jioni, na usiku kuku wa mkaa pale Mamboz, kona ya Libya na Morogoro. Nilishamsimulia kuku huyo tangu Alhamisi. Yeye alijibu tu, "Sawa, mume wangu." Ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa, ni utani wetu.

Tukapanda basi la mwendokasi Kimara, shilingi 650 kila mmoja, hadi Kivukoni. Kule Feri mnada ulikuwa umechangamka, dalali anataja bei mbiombio hata mzoefu anapotea. Maji ya barafu yanatiririka miguuni, wapara samaki wanakwangua, magamba yanaruka na kunata kwenye khanga ya Bibi. Alichuchumaa mbele ya pweza aliyelazwa kwenye beseni, akamgusa mkono mmoja kwa kidole, halafu wa pili, kama anayehesabu.

"Mume wangu, hiki nacho kina mama yake?"

Nikamvuta kwa wakaangaji. Pale kuna makarai mapana kama gurudumu la lori, kuni chini, moshi mpaka machozi. Nikachagua changu wa wastani, nikaagiza na ndimu. Nageuka, Bibi hayupo. Kumbe kazunguka nyuma ya karai, anachungulia mafuta.

"Mwanangu, haya mafuta yamekaangia tangu lini?"

Kijana akacheka. "Tangu alfajiri, Bibi."

"Alfajiri ya lini?"

Watu waliangua kicheko, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Lakini samaki alikula, akafyonza hata kichwa. Hukumu ikatoka akiwa ananawa: "Mtamu. Ila perege wa Mtera ana nyama." Sikubishana. Kwao Mpwapwa samaki ni wa bwawa la Mtera, wanakuja wamekaushwa, na hilo ndilo kipimo chake.

Kisutu nitapita haraka, maana palinitia aibu zaidi. Chai ya maziwa aliisifu, akaongeza sukari vijiko vitatu. Kababu akaipasua katikati kwanza, akanusa, akala. Kosa langu lilikuwa urojo. Mimi huwa naweza kuushindia: ule mchuzi wa njano wenye uchachu wa embe bichi, badiya ndani, viazi, kachori, mshikaki mmoja, chipsi za muhogo juu na pilipili. Bibi akakoroga, akaibua mshikaki, akauangalia, akauzamisha tena.

"Nyama kwenye uji," akasema. Akanisogezea bakuli.

Kufika Kariakoo nilishapungua kiburi, nikaona nimtoe kwenye chakula, nimwonyeshe soko lenyewe. Nikamweleza kwamba lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970, na kwamba lile paa la miavuli iliyopinduliwa lilitengenezwa hivyo likinge maji ya mvua. Akatazama juu muda mrefu, mkono kwenye paji la uso.

"Sasa maji yako wapi?"

Tukaingia uchochoro mmoja wa nyuma kukwepa mikokoteni. Humo kuna mama lishe wengi, mabenchi, masufuria yamepangwa juu ya meza, wali maharage, ugali nyama, ndizi. Nilikuwa napita hapo karibu kila wiki, na kwa mmoja wao nilishakula wali maharage sijui mara ngapi, vile vya kula umeinamia simu. Hakuwa kwenye ratiba yangu. Hakuwa kwenye orodha yangu yoyote.

Bibi akasimama ghafla. Yule mama alikuwa anamgombeza binti aliyemwaga maji, na alikuwa anagomba kwa Kigogo.

"Mbukwenyi!" Bibi akapaza sauti.

Mama aligeuka na mwiko mkononi. Sikuelewa nusu ya yaliyofuata, mama yangu alitulea kwa Kiswahili. Nilisikia tu Kibakwe, nikasikia jina la marehemu babu, na dakika mbili baadaye Bibi amekalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Halafu mama lishe akainama, akatoa chini ya meza kisufuria kidogo kilichofunikwa kwa sahani. Mlenda.

"Huu wa kwangu mwenyewe," akaniambia mimi kwa Kiswahili, kama anayejitetea. "Hapa nani atanunua?"

Bibi akaonja kwa ncha ya kidole. Kimya. Akauliza karanga ziko wapi. Binti akatumwa mbio za karanga za kusaga za shilingi 500, na Bibi, mgeni wa jiji mwenye siku nne, akapokea mwiko, akavuta kisufuria jikoni na kuanza kukoroga kama yuko kwake. Wateja wa wali walisubiri. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Tukala sote watatu sinia moja. Alinung'unika kidogo kwamba ugali ni wa sembe, si wa uwele, lakini mkono haukupumzika. Mlenda una namna yake: ukichovya tonge na kuinua, uzi unakufuata hewani, inabidi uzungushe kiganja upesi ili ukatike. Bibi na yule mama walizungusha bila hata kutazama. Mimi uzi wangu ulitua kwenye shati jeupe, ukashuka hadi kifungo cha tatu.

Kulipa kukawa vita. Mama akakataa katakata, Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaisukumiza chini ya sufuria la maharage na kuniamrisha twende haraka.

Kona ya Libya na Morogoro hatukufika. Saa moja usiku alikuwa amelala. Mama yangu alipopiga simu kesho yake kuuliza Dar amekula nini, nilikuwa nishavuta pumzi ya kuanza na Feri, Bibi akaninyang'anya simu.

"Mlenda," akasema.

Wiki tatu baadaye ukaja mzigo kwa basi: vifurushi viwili vya mlenda uliokaushwa, vimefungwa kwenye kitambaa cha khanga ileile. Kikubwa kilikuwa cha yule mama wa Kariakoo. Kidogo changu.