Siri Inayojulikana na Kijiji Kizima: Nilivyoandika Riwaya Yangu ya Upelelezi

Riwaya ya upelelezi kwa kawaida hupenda mji mkubwa wenye watu wasiofahamiana. Mimi nilitaka kuiandika katika kijiji kidogo cha wavuvi kusini mwa Tanga, jirani na magofu ya Tongoni, mahali ambapo kila mtu ni mjomba, shangazi au mtani wa mwenzake, na ambapo mtu akibadili njia ya kurudi nyumbani jioni huulizwa sababu. Kumficha mwuaji mahali kama hapo ni vigumu mno. Kwa hiyo niliamua tangu mwanzo kwamba kijiji chote kitajua kilichotokea, ila kila mmoja atashika kipande chake tu, na atakuwa na sababu ya maana ya kutokukitoa.

Kisa chenyewe ni hiki: kijana mvuvi anakutwa ufukweni amekufa, inasemwa amezama, naye anazikwa siku ile ile. Nilikijenga juu ya uvuvi wa baruti, ambao umeitesa pwani ya Tanga kwa miongo mingi ingawa sheria inaukataza. Kijana alizamia kukusanya samaki waliokufa, na baruti ya pili ikarushwa akiwa bado chini ya maji.

Kipande cha kwanza nilimpa mama mkaanga samaki. Samaki wa baruti huweza kuonekana mzima kwa nje, magamba yote yapo, lakini ukimpasua utakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia kwenye minofu. Mama huyu anayajua hayo asubuhi ile ile. Tatizo ni kwamba amechukua samaki kwa mali kauli kutoka kwa mwenye chombo, na ada za wanawe zinatoka katika karai lile.

Kipande cha pili, ambacho ndicho nilichokipenda kuliko vyote, kipo kwa mzee mwosha maiti. Anaukuta mwili usio na jeraha lolote kwa nje, ila masikio yanavuja damu. Mwosha ametakiwa na dini kusitiri aibu anayoiona kwa maiti, na mzee wangu ni mcha Mungu wa kweli, hivyo kimya chake hakitokani na woga wala rushwa. Hapa nilikwama, kwa sababu sikutaka kumfanya avunje wajibu wake ili tu hadithi yangu isonge mbele. Nilikwenda kwa shehe mmoja wa mtaani kwetu, nikamwamkia, nikamweleza habari yote. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, tumeambiwa tumsitiri maiti. Aliyemwua hatukumwosha sisi." Maneno hayo yalinifungulia nusu ya pili ya kitabu.

Kipande cha tatu ni uongo wa mwenye chombo. Anaapa kwamba usiku ule, mwezi ukiwa mpevu, alishusha mashua yake saa nne kwenda kuvua dagaa kwa taa. Msomaji wa pwani atashtuka papo hapo, kwani dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitanda hawakusanyiki kwenye taa. Zaidi ya hayo, mwezi mpevu ni wakati wa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na bamvua kwetu maji hukupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku, hata vyombo vilivyofungwa karibu na ufuko hulala mchangani. Lakini msomaji wa Dodoma au Tabora angeyajuaje hayo? Kumweleza baada ya uongo kusemwa kungekuwa kumdhulumu.

Nilichofanya ni kumfundisha mapema bila kumwambia kwamba anafundishwa. Sura ya kwanza inaanza na wanawake wakienda mwambani kuchokoa pweza saa nne asubuhi, na wavulana wakicheza mpira mahali ambapo jioni mashua zitaelea. Sura ya pili inawaonyesha wavuvi wa dagaa wakishona nyavu barazani kwa sababu ya mbalamwezi. Katika sura ya tatu mwalimu anawasimulia wanafunzi habari za São Rafael, meli ya msafara wa Vasco da Gama iliyokwama kwenye mafungu ya Mtang'ata, jina la zamani la eneo la Tongoni, mwaka 1498, ikaachwa kavu maji yalipokupwa, ikaelea tena yalipojaa, na mwaka 1499 Wareno wenyewe wakaichoma moto eneo hilo hilo. Uongo unakuja katika sura ya tano. Ili nisijichanganye nilichora kalenda ya mwezi mzima wa riwaya, nikiandika kando ya kila tukio umri wa mwezi na saa ya maji kujaa, ambayo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Lahaja ya Kimtang'ata niliigusa kidogo tu, vinywani mwa wazee.

Msomaji wangu mmoja alishauri askari aingie mapema ili kasi ipatikane. Nilimshukuru, nikakataa. Mzee mwosha anakwenda kwanza kwa mama wa marehemu kuomba idhini, kwa kuwa siri ile ni ya mwanawe. Mama anaitoa mbele ya mkaanga samaki, naye anaanza kusema ya kwake. Askari kutoka mjini anafika katika sura ya mwisho, na kazi yake ni kuandika maelezo ambayo watu hao wameshakubaliana kuyatoa.