Farumi

Kuna neno nililokua nalo Lamu ambalo sikuwahi kulitamka kazini, na siku lilipofika kazini halikuletwa na mimi. Farumi. Wa bara wasione haya kutolijua. Hata Mombasa ukiwauliza vijana kumi utabahatika kwa mmoja. Ni uzito unaotiwa chomboni ili kisilale kwa upepo: mawe, magunia ya mchanga, na ikibidi, mtu.

Ilikuwa Julai 2018. Nilikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, mwaka wangu wa sita hapo. Kazi yenyewe ni kukimbizwa ukiwa umekaa. Wakati ule kontena la mzigo wa humu nchini lilikuwa likipewa siku 4 za bure bandarini; zikipita, storeji inaanza kuhesabiwa kwa dola na mwenye mali anaanza kukuuliza ulisomea wapi. Kwa hiyo unakula mezani, unaswali mbiombio, unarudi nyumbani saa tatu usiku na simu ingali sikioni. Likizo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apewe siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila anapotimiza miezi 12. Zangu zilikuwa zimelala miaka miwili. Kontena likilala, mtu hutozwa. Likizo yangu ililala na hakuna aliyetozwa.

Au tuseme nilitozwa mimi. Nilikwenda zahanati kwa kikohozi tu, nesi akanifunga ule mkanda wa mkononi, akapima, akanyamaza, akapima tena. 158 kwa 98. Akanipandisha kwenye mizani: kilo 97, na mimi si mrefu. Daktari, binti ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani, akaniandikia vidonge, akasema chumvi nipunguze, na nitembee kwa mwendo wa kunitoa jasho dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa, siku 5. "Hata ukizigawanya, kaka, si neno," akasema.

Nikazigawanya. Jioni nikawa nakwenda Mama Ngina, upepo wa bahari unakupiga uso, watu wa mazoezi wanakupita na raba zao. Shida ya Mama Ngina ni mihogo. Inakaangwa pale pale mbele yako, inapasuliwa katikati, inatiwa chumvi, pilipili na ndimu. Nilitembea dakika 20, nikala 30. Baada ya mwezi mmoja mizani haikuwa na habari mpya.

Ndipo nikaomba likizo. Meneja alinitazama kama niliyeomba figo yake. Akanipa siku 10, akaongeza neno alilolisema kwa wema kabisa, na wema huo ndio ulionishinda kumjibu: "Lakini simu usizime."

Nilipanga mambo kama karani anavyopanga. Nikaenda Kongowea, nikachagua raba za mitumba za kukimbilia, rangi ya chungwa, ambazo mtu wa Ulaya alikwisha kuzikimbilia nusu ya maisha yake. Nikaandika ratiba: kila baada ya swala ya alfajiri, mjini Lamu mpaka kijiji cha Shela, kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Mara 9. Nilizidisha nikapata kilomita 54, nikafurahi kana kwamba nimeshazikimbia.

Safari siielezi sana. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikuwa bado inajengwa, basi lilitufunika vumbi, askari wakatusindikiza kipande cha njia, na tulipofika Mokowe na kupanda boti nilikuwa na rangi ya gunia. Shangazi alinipokea darini kwake Langoni, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Maskini," akasema. "Huko Mombasa hawakupi chakula?"

Asubuhi ya kwanza nilitoka na raba zangu. Sasa, mji wa Lamu hauna magari, na vichochoro vyake vingine ukikutana na punda aliyebeba matofali lazima mmoja wenu arudi nyuma, na punda harudi. Ni mji wa kutembea. Nilikuwa nimesahau kwamba si mji wa kukimbia. Wazee waliokuwa wametoka msikitini walikuwa barazani wanangoja kahawa, nikawapita mbio. Nyuma nikasikia sauti imejaa hofu:

"Nani mefa?"

Nikasimama. Ikabidi nirudi, nitoe shikamoo moja moja, nieleze kwamba hakuna aliyekufa, ni mazoezi. "Mazoezi ya nini?" Ya moyo. "Moyo una nini?" Ilinichukua robo saa, na kahawa vikombe viwili. Nilipoanza tena nilifika karibu na hospitali kuu, kusini mwa mji, pumzi zikakatika. Nikarudi polepole. Shangazi alikuwa ameepua mahamri, mbaazi za nazi ziko pembeni.

Siku ya pili simu ililia kabla sijafunga kamba za raba. Kontena la vigae limekwama, namba ya ushuru imeandikwa vibaya, mwenye mali yuko ofisini amesimama. Nikafungua laptopu pale barazani nikiwa na raba miguuni mpaka adhuhuri. Siku ya tatu ilikuwa kontena jingine. Siku ya nne nilizivaa raba kwa mazoea tu, nikakaa, nikangoja simu. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kunipa jina; wakinipita wananiambia "Mazoezi, hujambo?"

Hivyo ndivyo ami alivyonikuta. Ami yangu ni nahodha, amekaukia baharini, mikono yake ukiishika ni kama kushika kamba. Alisimama akanizunguka kwa macho, si usoni bali kiunoni.

"Una kilo ngapi wewe?"

"Tisini na saba, ami."

"Mashaallah," akasema.

Wallahi, ile namba ilikuwa imeshatamkwa na nesi, na daktari, na mke wangu. Hakuna aliyewahi kuisemea mashaallah.

Akanieleza. Alikuwa amewekeana shindano na vijana wa Shela, mashua kwa mashua, kesho baada ya alasiri: kutoka mbele ya mji mpaka Shela na kurudi. Kusi, ule upepo wa kusini, ilikuwa imechachamaa, na mtu wake mzito, mpishi wa mikate, alikuwa amekwenda Mpeketoni kwenye harusi. "Ntajaza mchanga," akasema, "lakini gunia halisikii amri. Ndoo wewe." Ndoo, kwa Kiamu chetu cha Lamu, ni njoo.

Nikamwambia nina simu za kazi. Akanijibu kwamba hata yeye ana kazi, na akaenda zake.

Kesho yake simu niliiacha kwa shangazi, inachaji. Sikuizima. Niliahidi nisiizime, sikuahidi kwamba nitakuwa karibu nayo. Jambo hili nililifikiria sana usiku, kama mwanasheria.

Anayeiona Lamu kwenye picha anadhani tanga ni pambo. Kusi ya Julai hutoka kusini, kwa hivyo ukitoka mjini kwenda Shela upepo unakuja nao usoni, na chombo hakiwezi kuuelekea moja kwa moja; kinapiga bisho, mara upande wa kisiwa cha Manda, mara upande wa Lamu. Na kila kinapobisha kinalala. Hapo ndipo farumi anapofanya kazi. Unatolewa ubao, upande wa goshini, kule upepo utokako. Kichwa kimoja kimebanwa ndani ya chombo, cha pili kinaning'inia juu ya maji, na wewe unakwenda kukaa kile kinachoning'inia. Huna pa kuegemea. Una kipande cha kamba, na una makalio yako.

"Toka!" ami akapiga kelele. Nikasogea hatua moja. "Toka!" Nikasogea tena. Chini yangu maji yalikuwa ya kijani na yanakimbia. "We ni farumi au ni abiria?"

Nikatoka mpaka mwisho.

Nikasikia chombo kinainuka. Sijui niliseme vipi jambo hili. Ile mashua ilikuwa imelala, ukingo wa upande wa pili unachota maji, kijana mmoja anayafua, yaani anayatoa nje, kwa kidumu kilichokatwa, na nilipofika mwisho wa ubao ikajinyanyua taratibu chini yangu, kama mtu anayeamka. Tanga likajaa. Tukaanza kwenda.

Bahati ya kwenda ni kwamba maji yalikuwa yanatoka, na mkondo wa Lamu ukitoka unatoka kwa nguvu kuelekea mlango wa Shela. Ami akawa anatupeleka katikati, penye kina, ili mkondo utubebe. Ubaya wake ni kwamba maji yakienda kusini na upepo ukienda kaskazini vinagombana, na ugomvi wao ni mawimbi mafupi, yaliyosimama, moja baada ya jingine bila nafasi ya kumeza mate. Kila moja lilinipiga mapaja. Halafu inakuja amri ya kugeuza: tanga linahamishwa upande wa pili wa mlingoti, ubao unavutwa, nawe upite chini ya foromali, ule mti unaoshika tanga, kwa magoti, utokee upande mwingine kabla upepo haujashika. Mara ya kwanza nilichelewa, tukachota maji kiasi cha karai mbili, na nikatukanwa kwa Kiamu safi ambacho sikukisikia tangu babu afe. Mara ya tatu nilikuwa nimejua. Mara ya saba mapaja yalikuwa yanatetemeka yenyewe na viganja vimechubuka kwa kamba. Nilihesabu, maana karani huhesabu hata akifa: tuligeuza mara 14 mpaka Shela, na mara zote 14 nilitambaa, nikatoka, nikakaa, nikainuliwa.

Tuligeuka Shela sisi wa kwanza. Nyuma yetu wale vijana walikuwa mbali kiasi cha kutosikia matusi. Nikampungia mkono mtu aliyekaa kwenye ubao wao, mwembamba kama mchicha, akakataa kunijibu.

Tatizo likawa kurudi. Ukirudi, kusi iko mgongoni, chombo hakilali tena, kinatakiwa kiwe chepesi tu. Ami akasogea ufuo wa Manda, karibu na mikoko, ambako mkondo hauna nguvu, na akaniamuru nikae nyuma nisipumue. Nikageuka kutazama. Vijana wa Shela walikuwa wamesimama, visu mkononi, wanapasua magunia yao na kumwaga mchanga baharini. Gunia moja, jingine, jingine. Kila gunia lilipomwagwa chombo chao kilipanda juu kidogo.

Ami alitazama wale, kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda usio wa kawaida.

"Ami, mimi simwagiki," nikamwambia.

Wakatupita mbele ya mji, watu wamejaa jetini wanapiga vigelegele, kwa urefu wa mashua moja na nusu hivi. Kijana wetu wa kufua maji alilia machozi kabisa. Ami alifunga kamba, akashuka, akaniosha viganja kwa maji ya kunywa, akasema: "Kwenda, tulikwenda kwa ajili yako. Maulidi ndoo tena." Akafikiri kidogo. "Ukikonda, konda wakati wa kurudi."

Usiku ule sikuweza kupanda ngazi za shangazi. Nilizipanda kwa makalio, kinyumenyume, yeye amesimama juu na kibatari maana stima ilikuwa imekatika, anacheka mpaka anashika ukuta. Sijawahi kulala vile. Siku tatu nilizobaki nazo kabla ya kurudi nilikwenda majini kila alasiri, si kwa shindano, ami anatupa mshipi nami nafua maji. Raba za chungwa nilimwachia mtoto wa jirani.

Simu? Zilipigwa 11. Shangazi alipokea moja, ile ya mwisho, "kwa sababu ilinichosha masikio," na alisema alizungumza na mtu mwenye adabu sana. Alimwambia nini? Amemwambia nimekwenda baharini, mambo yote salama. Sikuuliza zaidi. Kontena, nilikuja kugundua, lilitolewa na mwenzangu wa meza ya pili, ambaye kumbe kazi anaijua.

Jumatatu niliporudi ofisini meneja aliniita, akafunga mlango. Alikuwa na karatasi mbele yake na uso wa mtu aliyeshauriana na watu.

"Nimeambiwa na mama mmoja wa nyumbani kwenu," akaanza, "kwamba hukuweza kushika simu kwa sababu ulikuwa kazini. Kazi ya farumi." Alilisoma lile neno kwenye karatasi, amelikata vipande vitatu. "Mkataba wetu unakataza ajira ya pili. Sasa nataka unieleze, hiyo farumi ni cheo gani?"

Nilitaka kumjibu sawasawa. Nikainua mikono nieleze ule ubao unavyotoka, akaviona viganja vyangu, vidonda vimeanza kukauka, akasahau alichouliza.

"Na wanakulipa?" akasema.

"Samaki," nikamwambia. "Na Maulidi wananitaka tena. Nina siku ngapi zilizobaki?"