Bango la kwaya kwa Rotring na Letraset

Kwaya yetu hapa Buruburu, Nairobi, ilitaka bango la tamasha, nikajitolea kulitengeneza kwa mkono kwa vifaa alivyoniachia mjomba, aliyekuwa mchoraji wa matangazo kabla ya kompyuta. Mimi hushinda kutwa nimeshika kipanya, nimekichoka.

Kalamu za Rotring, zile za wino za kuchorea mistari ya unene maalumu, zilikuwa zimegandiana kwa wino. Nililoweka ncha usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Ndani ya kila ncha mna waya mwembamba sana ulioshikana na kijiuzito. Ukitikisa kalamu ukasikia tik-tik, ujue waya umeachia na wino utashuka. Usithubutu kuuchomoa kwenye kalamu nyembamba, ukipinda basi tena. Ya mstari wa milimita 0.35, yenye alama ya manjano, ilifufuka. Ya 0.18 ilikataa katakata.

Letraset ndiyo iliyonitoa jasho. Ni herufi zilizoshikizwa nyuma ya karatasi angavu: unailaza juu ya kazi yako, unasugua kwa kijiti butu, herufi inahamia chini. Gundi ikizeeka herufi hupasuka njiani, kwa hiyo nilizipasha joto kidogo kwenye balbu ya mezani, nikasugua polepole.

Halafu A zikaniishia. Karatasi hizi za Uingereza zimepangwa kwa mahitaji ya Kiingereza, E zimejaa tele. Sasa andika TAMASHA LA KWAYA: A sita, E hakuna hata moja! Nikampigia mjomba. Akacheka. “Sasa mpwa wangu, V imekukosea nini? Ipindue.” Nikapindua V za Helvetica, mtindo wa herufi niliokuwa nao, nikazitia kimstari kwa Rotring. Ukikodoa macho utaona, lakini nani anakodolea bango macho?

Mistari ya kupangia herufi niliipiga kwa penseli ya bluu hafifu, rangi ambayo filamu za wachapaji wa zamani hazikuiona. Kule River Road kijana wa fotokopi alipunguza weusi kidogo, nayo ikapotea. Akakuza A4 kuwa A3, yaani asilimia 141, na mistari yangu ya 0.35 ikatoka 0.5 barabara: saizi za kalamu hizi zimepangwa kwa uwiano uleule wa karatasi.

Sasa kwaya wanataka jingine la Krismasi. Nimewaambia wasubiri, K zimekaribia kwisha, na K haina herufi ya kupindua.